Mtande wa Tatu

Nilimpigia Nasibu simu Jumapili asubuhi kwa sababu sikuwa na mtu mwingine, na nataka ieleweke hivyo. Sikumpigia kwa mapenzi. Mapenzi tulikuwa tumeyamaliza wiki kadhaa nyuma, kwa adabu zote, bila kelele, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za jengo ninalokaa hapa Greyville, Durban, kama watu waliotoka mazikoni. Yeye alisema amechoka. Mimi nikasema hata mimi. Tukapeana mkono. Miaka minne ya kupendana, halafu mkono!

"Nasibu, ni mimi."

"Najua ni wewe. Namba yako sijaifuta."

"Nimebakiza mtande wa mwisho. Nahitaji mtu wa upande wa pili."

"Clementina je, yule jirani yako?"

"Nilijaribu naye juzi. Anavuta uzi kama anavuta ng'ombe. Tulipofika nusu akaniambia, 'Chep, mikono yangu iko inauma, hii kazi ni ya ndoa.' Nimeufumua wote."

Hakucheka. Zamani angecheka.

"Nasafiri Jumatano, Chepkoech. Duka nimeshamkabidhi binamu yangu."

"Ndiyo maana nakupigia leo."

"Nitakuja baada ya adhuhuri," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekubali kubeba jeneza.

Kwa asiyejua kazi yangu, niseme kidogo. Mimi ni mfumaji. Nafuma nguo kubwa za kutundikwa ukutani, kwa namna niliyojifunza milimani Peru, kwa mama mmoja aitwaye Hilaria, ambaye bibi zake walifuma hivyo tangu enzi hakuna aliyekuwa akiandika miaka. Nguo ya kwao haikatwi kwa mkasi. Inatoka kwenye kazi ikiwa nzima, na pindo zake nne. Mtande ni zile nyuzi ndefu zinazotandwa kwanza kabla hujafuma lolote, na mtande hautandwi na mtu mmoja. Mnakaa wawili sakafuni mkitazamana, kila mmoja na kigingi chake cha mbao, mnapeana donge la uzi, huku na huku, mpaka upana utimie. Na mikono iliyoanza ndiyo humaliza, maana kila mkono una mvuto wake. Hilaria alitanda na dada yake maisha yao yote, hata mwaka waliogombania shamba wakawa hawasalimiani. Walitanda kimya, wakaenda zao.

Nguo yangu ya maonyesho ya Berea ilikuwa na vipande vitatu vya kuunganishwa. Viwili nilivitanda na Nasibu, muuza mapazia wa Tanga aliyejifunza kazi hii sakafuni kwangu kwa sababu alitaka kukaa karibu nami. Cha tatu kilikuwa hakijaanza tulipopeana mkono. Mtu mwenye akili angemaliza nguo kwanza ndipo amwache mwanaume.

Alibisha hodi saa nane na kitu. Nilifungua mlango nikiwa nimejiandaa kumtazama begani, nikajikuta namtazama usoni. Alikuwa amekonda. Shati lake la bluu, lile nililomnunulia mimi, lilikuwa halijapigwa pasi, na Nasibu ni mtu anayepiga pasi hata leso.

"Karibu."

"Ahsante. Hujalala wewe."

"Nimelala."

"Haya," alisema, bila kunibishia, akavua viatu akaenda kukaa mahali pake bila kuoneshwa. Nilichukia jinsi alivyokaa pale kwa urahisi. Moyo wangu nao ukanisaliti palepale, ukaanza kwenda mbio kama wa msichana wa shule.

Nilimrushia donge la kwanza, uzi mwekundu niliouchovya mwenyewe kwa rangi ya vidudu wa dungusi kakati. Akalipokea, akazungusha kwenye kigingi chake, akalirudisha. Mvuto wake ulikuwa uleule. Sikulazimika kusema neno. Tulienda hivyo muda mrefu, wekundu, kisha weusi, kisha wekundu tena, na kila nilipoinua macho nilimkuta anatazama mikono yangu, na akiinua yake mimi nimeshainamisha yangu.

"Mama anaendeleaje?" niliuliza mwishowe.

"Mguu bado. Sasa anatembea kwa kushika ukuta. Anasema nikifika atapona."

"Na ukifika atakuoza."

"Ameshaniambia jina la binti. Nimejifanya mtandao mbaya."

"Nasibu, una miaka thelathini na minane. Mtandao utakuwa mbaya mpaka lini?"

"Si ndiyo nakwenda, Chepkoech? Nimechoka kujificha kwenye simu." Alirudisha donge. "Na wewe? Nasikia kuna injinia."

Kumbe habari zinafika. Durban ni kubwa kwa mgeni tu. Ukiwa mtu wa Afrika Mashariki ni kijiji. "Anaitwa Lenny. Kaka Gilbert amemwalika chakula leo, huko kwake Westville. Natakiwa nifike."

"Ni mtu mzuri?"

"Ni mtu wa kwetu, anasali kanisa letu, ana gari linalowaka bila kusukumwa. Baba amemkubali bila hata kumwona picha."

"Sikuuliza hayo. Nimeuliza kama ni mzuri."

"Sijui. Sina nguvu ya kujua mtu mpya." Na nilikuwa nasema kweli. Kuanza kumweleza mtu mwingine kwamba sili vitunguu vibichi, kwamba nikikasirika nafua nguo, nani ana muda huo? Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa. Nilichoka na baba anayekata simu nikitaja jina la Kiislamu. Nilichoka na mama yake Nasibu anayenisalimia kama anaongea na mhudumu wa benki. Zaidi nilichoka na mwanaume huyu ninayempenda, ambaye kwa miaka yote minne hakuwahi kwenda kwa kaka yangu, mkubwa wangu hapa ugenini, akasema kwa mdomo wake kwamba ananitaka. Hilo ndilo lililoniua. Mengine ningeyabeba.

"Ungeniomba nisiende Tanga," alisema ghafla, kwa sauti ndogo.

"Ungeniomba niende nawe."

"Kwa cheo gani? Nikufikishe pale mlangoni nimwambie mama huyu ni nani?"

Nililirudisha donge, na kwa mara ya kwanza mkono wangu ulivuta kuliko inavyotakiwa. Akaona. Akalegeza upande wake kidogo, uzi ukasawazika. Hivyo ndivyo alivyokuwa Nasibu, na hivyo ndivyo alivyonitia wazimu.

Tulikuwa tumepita nusu mlango uliposukumwa. Gilbert hana tabia ya kungoja kukaribishwa kwa mdogo wake. Aliingia na suti yake ya kanisani, funguo za gari mkononi.

"Eish, hiyo robot ya njia panda hapo chini imezima taa tena, watu wanapigiana honi tu. Chepkoech, si tulisema saa tisa? Lenny amefika, chakula kiko..." Akamwona aliye sakafuni.

"Shikamoo kaka," alisema Nasibu, akijaribu kuinuka nusu huku uzi umemkamata vidole.

Gilbert ni mwalimu wa hesabu za takwimu chuoni, lakini shikamoo humshinda kila siku. "Ah, salama," alijibu. Kisha akanigeukia mimi. "Nilidhani hii habari imekwisha."

"Imekwisha. Tunafanya kazi."

"Basi iacheni, mtamaliza kesho."

"Haiachwi. Uzi huu umesokotwa sana. Ukiuachilia unajikunja na kuvurugika wote, na maonyesho ni mwezi ujao. Subiri kidogo."

Ndipo simu ya Nasibu ilipoadhini mfukoni. Alinitazama, na nikaelewa kabla hajafungua mdomo. Siku za nyuma tulipanga kazi iishe kabla ya alasiri. Leo tulianza tumechelewa, na Nasibu ninayemjua mimi hacheleweshi sala kwa ajili ya mtu wala nguo.

"Nenda," nilisema. "Gilbert, kaa pale."

"Nani? Mimi?"

"Una mikono miwili."

"Nimevaa suti, Chepkoech!"

"Vua koti."

Sijui kwa nini alikubali. Labda sauti yangu ilikuwa imechoka kiasi cha kumtisha. Alivua koti, akalikunja vizuri juu ya kiti, akashuka sakafuni kwa kuguna, kwanza goti moja, halafu la pili. Nasibu akamwekea uzi mkononi, akamshika vidole kama anayemfundisha mtoto kushika kalamu.

"Kaka, usivute. Pokea tu, zungusha, rudisha. Ukivuta nguo itakunjamana."

"Nimeelewa," alisema Gilbert, akavuta.

Nasibu alikwenda kutawadha. Alirudi na mkeka wake mdogo, aliouacha nyuma ya kabati langu, akautandika pembeni, umekaa upande kidogo kuelekea dirishani. Gilbert alimfuata kwa macho.

"Amejuaje aelekee wapi?" alininong'oneza.

"Amesali hapa miaka minne."

"Miaka minne." Alilirudisha donge vibaya, likabingirika, nikalidaka. "Anajua kibla cha nyumba yako, lakini mlango wa nyumba yangu hajaujua. Chepkoech, wewe unadhani mimi nina shida na dini yake? Baba ndiye mwenye shida hiyo. Mimi shida yangu ni moja. Mwanaume anayemtaka dada yangu asiyeweza hata kuja akakaa kwenye kiti changu, akanitazama, huyo hamtaki."

"Mwambie yeye. Mimi nimemwambia mpaka nimekauka koo."

"Nilishamwambia. Nilimtumia ujumbe aje mwenyewe."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Ulimtumia lini?"

Pembeni, Nasibu alitoa salamu kulia, akatoa kushoto, akabaki amekaa kwenye mkeka na mgongo wake kwetu. Alikuwa amesikia. Chumba chenyewe ni kimoja.

"Alinitumia kwa Mzee Dominiki," alisema, bila kugeuka.

"Dominiki gani?" niliuliza. "Yule fundi cherehani?"

Nasibu alikuja akakaa kando ya Gilbert, akachukua uzi kwenye vidole vyake taratibu, akarudi kwenye kazi. Gilbert hakuinuka. Walikaa bega kwa bega, wote wananitazama mimi, na donge likaendelea kwenda na kurudi maana halikuwa na jinsi.

"Mwaka juzi," alisema Nasibu, "nilimtuma Mzee Dominiki kwa kaka yako akawe mshenga wangu. Mimi hapa sina baba, sina mjomba. Nikamchagua yeye makusudi, mtu mzima, Mkatoliki wa Mwanza, ili nyumbani kwenu wasishtuke. Nikampa doti mbili za kanga ampelekee mke wa kaka. Alirudi kichwa chini. Akaniambia, 'Mwanangu, wamekataa.'"

"Nani alikataa?" Gilbert aligeuka mwili mzima. "Nilimkaribisha! Nilimwambia, mwambie huyo kijana aje mwenyewe, tuongee."

"Ndiyo, kaka. Alinifikishia."

"Sasa hapo kukataa kuko wapi?"

Nasibu alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kaka, kwetu mtu hajiposei. Ukimwambia mshenga mwenyewe aje, umemwambia yeye si kitu na aliyemtuma hana watu. Hiyo ni hapana, tena ya kufukuziwa. Halafu zile kanga... mkeo alizilipia."

Gilbert akafumba macho. "Mungu wangu. Alidhani mzee anauza. Wanapita wengi pale kwetu na mizigo yao. Alizipenda, akampa pesa na chai."

"Mzee Dominiki alilia kwenye taxi," alisema Nasibu. "Alisema tangu azaliwe hajaona zawadi ya posa ikilipiwa. Alisema, wametulipa ili wasibaki na deni la kutusikiliza."

Hapo ningecheka kama ningekuwa na nguvu. Badala yake nilihisi machozi yananipanda, na mikono yote miwili imeshika uzi, hata pua siwezi kuifuta. "Na wewe hukuniambia."

"Nilikwambia kwenu hawanitaki."

"Nilidhani unamsema baba!"

"Mwanaume aliyekataliwa anatangaza, Chepkoech? Nilidhani unajua, unaninyamazia ili nisiaibike. Kila uliponiambia niende kwa Gilbert nilisema moyoni, huyu anataka nikafukuzwe mara ya pili."

Nilimgeukia kaka yangu. "Na wewe?"

Gilbert alikuwa amekaa mikono juu ya magoti, suruali yake nzuri imejaa manyoya mekundu ya sufu. Nimemzoea akiwa na jibu. Safari hii alichelewa.

"Kwetu," alisema taratibu, "anayemtaka msichana anakuja na uso wake. Watu wake wanakuja naye, sawa, lakini yeye yupo, tumwone. Nilipomwambia yule mzee aje mwenyewe, nilikuwa namfungulia. Jumamosi iliyofuata mke wangu alichinja kuku, tukangoja. Nikasema labda ni kazi. Jumamosi ya pili akapika tena. Watoto walivaa. Ningekuambiaje, Chepkoech? Ningekuambia mwanaume wako ameogopa hata kuja kula?"

Kwa nje, upande wa uwanja wa mbio za farasi, mtu alikuwa anapiga honi bila kukoma. Miaka miwili. Kuku wawili. Mwanaume wangu anakonda kwa sababu ya kikombe cha chai, na kaka yangu ananitafutia mainjinia kwa sababu ya hasira ya sufuria iliyopoa. Nilitamani nilale palepale sakafuni, nisiamke mpaka Jumatano ipite.

Simu ya Gilbert ilitetemeka ndani ya koti kule kitini. Lenny bila shaka. Hakuitazama.

"Basi," alisema, akimgeukia Nasibu. "Sasa umekuja. Si kwangu, lakini umekuja, na mimi nimekaa hapa chini. Una safari Jumatano, nasikia. Kama una neno na mimi, sema."

Nasibu alifungua mdomo. Nilimwona anataka, kwa nguvu zote anataka, na nilimwona akishindwa. Nilimjua. Mtu huyu angeweza kunibeba mgongoni kutoka Greyville mpaka Berea, kilima chote kile, lakini hakulelewa kusema neno hilo kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya mkubwa wangu. Kwake ilikuwa ni kunivua heshima.

"Kaka, nisamehe," alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nikijisemea nitakuwa nimemdharau dada yako. Na Mzee Dominiki alirudi Mwanza. Sina mtu."

"Sina mtu," Gilbert alirudia, akashusha pumzi ndefu. Alianza kuinuka, mkono mmoja kwenye kiti.

Niliona mwisho wetu pale. Watu wawili wema, kila mmoja na mila yake iliyonyooka, wanaachana kwa heshima sakafuni kwangu, na Jumatano ndege inaruka. Na mimi kati yao nimeshika uzi. Uchovu ukishafika mwisho huwa hauna aibu tena.

"Anaye mtu," nilisema. "Kaa chini, Gilbert."

"Nani?"

"Mimi. Mimi ndiye mshenga wake."

"Chepkoech, acha mchezo."

"Nina sura ya mchezo?" Nilinyoosha mgongo. Sauti ilitetemeka, nikaiacha itetemeke. "Kaka Gilbert, nimetumwa. Nimetumwa na Nasibu bin Rashidi, mtu wa Tanga, muuza mapazia, hana baba, mama yake ni mgonjwa wa mguu. Hanywi, hapigi, anasali. Anamwomba dada yako Chepkoech awe mke wake. Anajua baba yenu hataki. Anajua mama yake mwenyewe hataki. Anajua habari ya dini ipo na haitatatuliwa leo. Ameniambia nikwambie kwamba ameomba mara moja akaumia, na sasa anaomba tena. Huo ndio ujumbe wangu. Na tafadhali, usinilipe."

Gilbert alinitazama. Alinilea huyu, alinileta Durban, alisimama nyuma yangu kwenye kila picha ya mahafali. Niliona anatafuta uso wa mtoto aliyemzoea na hakuupata. Alikaa tena, akakunja miguu vizuri, kama mtu anayepokea wageni rasmi.

"Mshenga," alisema, "nimekusikia. Mwambie aliyekutuma hivi. Baba atapiga kelele, na kelele hizo nitazisikiliza mimi, maana nimezizoea. Mwambie sijasema ndiyo, kwa sababu ndiyo si yangu peke yangu. Lakini mwambie mlango haukufungwa hata siku moja. Na mwambie asisafiri Jumatano peke yake. Akamwone mama yake, ndiyo, lakini angoje wiki mbili nipate likizo, tufike Tanga mimi na yeye, nikamsalimie huyo mama kwa uso wangu."

Nasibu alikuwa ametulia kabisa, macho yapo kwenye kigingi. Alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu na amesikia kila neno, lakini hakuinua kichwa. Alikuwa anangoja kama anavyongoja mtu aliyetuma.

Nikamgeukia.

"Nasibu, nimerudi."

"Wamesemaje?" aliuliza, kwa shida.

"Wamesema usiende bila kaka yangu."

Aliinamisha kichwa akalia, mbele ya Gilbert, mabega yote yakitikisika, na vidole vyake havikuuachia uzi.